Sikufunga mpaka wa Busia, nilizima duka moja tu

Wale mmeshasikia voisi ya jamaa yangu kwenye grupu, eti nimefunga mpaka wa Busia, tulieni. Ni duka moja la jumla, upande wetu wa Uganda, na kompyuta moja chini ya meza ya keshia.

Nilikuwa naongeza shared_buffers (memori inayotengewa data) kwenye PostgreSQL, programu inayotunza data yote ya duka, bado iko kwenye zile 128MB inazokuja nazo, na hiyo lazima uzime seva uiwashe tena. Sasa pg_ctl stop, amri ya kuizima, ukiiacha hivyo hivyo inatumia fast, tangu toleo la 9.5 la 2016, inakata watu wote papo hapo. Mimi kwa kujifanya mstaarabu nikaweka -m smart, ile inayosubiri kila mtu atoke kwa hiari yake. Ila ikishaanza kusubiri, mtu mpya haingii ng'o (mnaoijua mshaanza kucheka, ngojeni kwanza).

Nukta za kusubiri zikaanza kwenye skrini. Moja kila sekunde. Nukta, nukta, nukta. Keshia alikuwa ametoka kidogo kwenye programu, kurudi anagongwa na ujumbe wa FATAL, hakuna kuingia, foleni imefika mlangoni, nje trela inapiga honi, mama wa katoni za sabuni ananiuliza kama risiti anaandikiwa leo au kesho, nami nimepanda juu ya kiti napaza sauti, "Nani bado yuko kwenye sistimu? Atoke!" Keshia akainua mikono. Kijana wa stoo nikamfungia programu bila hata kumuuliza. Sekunde 60 zikaisha, pg_ctl ikachoka kusubiri, seva yenyewe ikabaki hapo, haijazimika wala haipokei mtu.

Hajati mwenye duka akaja kusimama mgongoni kwangu. Nikapiga ps aux, amri ya kuorodhesha kinachoendeshwa kwenye kompyuta, nimwonyeshe huyo mkaidi ni nani. Ukiondoa prosesi zake za ndani, mstari ulibaki mmoja, na Hajati akavaa miwani akausoma kwa sauti, neno moja moja:

"Postgres. Bingwa. Duka. Local. Idle."

Kimya.

"Mwanangu, huyu Bingwa ndo nani?"

Banange. Akaunti yangu hiyo, jina nimejipa mwenyewe, na dirisha lake la psql, la kuongea na PostgreSQL, lilikuwa nyuma ya hili hili nililokuwa napigia makelele, liko wazi tangu asubuhi, idle, yaani halina kazi.

Nikapiga -m fast, ikazima, nikawasha, watu wakauziwa, basi. Hajati kanilipa hela yote, ila kwenye vocha kaandika: Bingwa, idle.