Mbuzi wa Kazi ya Mungu

Jamani mi nimeshindwa kunyamaza. Mke wangu hili jambo ameshalisimulia kanisani, kazini kwake na kwa mamake kule Voi, kwa hivyo bora niliseme kwa mdomo wangu mwenyewe kabla halijatiwa chumvi kushinda ile biriani. Asiyejua ni Bi Mkubwa peke yake, na yeye hafai kujua, na bahati nzuri simu yake ni ile ya kubonyeza.

Sisi tumeoana mwaka mmoja na miezi minne. Tunakaa Kisauni hapa Mombasa, ploti ya vyumba vinane, uani kuna mwembe mmoja, mfereji mmoja na Bi Mkubwa mmoja ambaye ndiye mwenye nyumba na ndiye serikali. Wapangaji Wakristo ni sisi na kijana mmoja wa bodaboda, na huyo hata Jumapili humuoni. Mi ni fundi wa friji, mke wangu ni nesi. Kanisa linatutuma Turkana, mbele ya Lodwar huko, yeye asaidie kwenye zahanati mimi nishike pampu za maji na friji za chanjo zile za sola, na jioni tukae na watu tulisome neno pamoja. Bado wiki chache tu tuondoke, hapa mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Kitale, halafu Kitale mpaka Lodwar tena kama kilomita 300, mama mkwe kila akisikia hiyo safari anauliza kwani huku Pwani dhambi zimeisha.

Sasa kabla ya kutumwa tulifanyiwa semina, na mwalimu mmoja, mzee aliyekaa kaskazini miaka mingi, akasema kule mtu asiyejua mbuzi ni mtoto mchanga hata awe na digrii. Wenzangu wote wakaandika wakageuza ukurasa. Mimi likaniingia kama mwiba. Ndio ugonjwa wangu huo, neno la mtu nalimeza zima, na ngozi na kwato.

Nikatangaza nyumbani kwamba tunaanza mazoezi. La kwanza maji, mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, watu wawili, kuoga kupika kuosha vyombo kila kitu. Mke wangu akaniangalia. "Huu mfereji wa hapa mara ya mwisho umetoa maji lini?" Nikafikiria, ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. "Na kwa mkokoteni huwa tunanunua mitungi mingapi?" Mmoja, na mwisho wa mwezi, miwili. Basi zoezi la maji tukalipasi palepale bila kufanya chochote, kumbe Kisauni imekuwa ikituandaa kwa utume na kodi tunalipa. La pili lilikuwa kulala bila feni. Hilo lilinishinda usiku wa kwanza, saa saba nimeamka nimelowa kama mtu aliyevuka Likoni bila feri, nikanyoosha mkono polepole nikaiwasha asisikie. Akasema gizani, "Umeshafika Turkana?"

Nikataka kumtia moyo kwa historia maana sisi tunasali upande wa Kengeleni, pale Frere Town ambapo tangu 1875 wamishenari waliwapokea watumwa walioachiliwa, na ile kengele yao ndiyo iliyopapatia mahali pale jina. Nikamwambia hebu muangalie yule mmishenari Krapf, kaja Mombasa 1844 hajui mtu, kajifunza lugha, kaingia mpaka Rabai. Akauliza, "Alikuja na mke?" Nikasema ndio. "Mkewe alifika Rabai?" Nikanyamaza. Mkewe alifariki mwaka huohuo wa 1844, yeye na kitoto chake kichanga, na kaburi liko papa hapa ng'ambo ya kisiwa si mbali na daraja la Nyali. Toka siku hiyo jina la Krapf silitaji nikiwa ndani ya nyumba.

Sasa mbuzi.

Idd ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, ilikuwa imebaki siku nne. Kila mlango umefungwa mbuzi, kando ya barabara wanauzwa kama maembe. Mtu mwenye akili timamu angeona kitu hapo. Mimi niliona tu kwamba mbuzi wako karibu. Mke wangu alikuwa shifti ya usiku kwa hivyo mchana amelala, nikachukua elfu tisa ya akiba ya godoro jipya nikatoka kimyakimya nimfanyie sapraizi.

Muuzaji kijana mwembamba, mswaki mdomoni. Nikamuuliza huyu mweupe mwenye sikio jeusi ni jike? "Jike kabisa, muangalie macho." Nikayaangalia macho. Sijui nilikuwa natafuta nini mle ndani lakini niliyaangalia vizuri. Ana maziwa? Akautoa mswaki, akatazama juu, akasema, "Kaka yangu, maziwa hutoa Mungu." Nikaona huyu mtu ana imani. Nikalipa bila kuomba apunguze hata shilingi.

Dereva wa tuktuk akauliza huyo ni abiria ama mzigo, tukabishana mpaka tukakubaliana ni nusu abiria, mbuzi akatoa kichwa nje kama bibi harusi tukaenda.

Nimeingia uani Bi Mkubwa yuko kwenye mkeka anachagua mchele kwenye uteo. Akainuka, na Bi Mkubwa hainuki ovyo, ana magoti. "Maashallah! Mwanangu, umeleta mbuzi?" Nimeleta. "Wa nini?" Hapo ningesema tu wa kujifunzia kukamua, mambo yangeishia hapo hapo na leo ningekuwa na mbuzi. Lakini nilikuwa najiona mtumishi, nikakaza sauti kama ya pasta nikasema, "Huyu ni wa kazi ya Mungu, Bi Mkubwa." Mama wa watu akashika kifua. "Mwenyezi Mungu akutakabalie, mwanangu." Nikajibu amina. Jioni wazee wawili waliotoka kuswali wakaja kunipa mkono, mmoja akasema jirani kama mimi ni wa kutafuta kwa taa, nikamwambia tuombeane mzee wangu. Nikifikiria sasa, kila neno nililotamka siku ile lilikuwa linanoa kisu.

Nikampa jina Ejoka, ile salamu ya Kiturkana ya kwanza kabisa tuliyofundishwa, ili kila nikimsalimia niwe nafanya na zoezi la lugha. Watoto wa ploti herufi ya kwanza wakaitupa, ikawa ni "Joka! Joka liko uani!" na kijana wa maji aliyekuwa anaingia na mkokoteni akauachia akatoka mbio mpaka barabarani, mitungi ikabingirika, na ile siku nililipia maji ambayo sikuyaoga.

Kukamua sasa. Muadhini akiadhini alfajiri mi niko chini ya mwembe na sufuria, nimechuchumaa vile nilivyoona kwenye video. Nimevuta, nimebembeleza, nimepaka vaselini, nimeimba pambio. Hakuna. Mbuzi anageuza shingo ananiangalia kama mtu anayepapaswa mfukoni ndani ya matatu. Saa moja mke wangu anarudi kutoka kazini, anasimama na mkoba wake begani anauliza, "Leo je?" Bado. "Usichoke mume wangu. Ombeni nanyi mtapewa." Anaingia ndani kulala na mabega yanatikisika, mi nikadhani ni uchovu wa shifti.

Siku ya pili Bi Mkubwa katoka na birika lake la udhu akanikuta. "Wafanyani hapo?" Namkamua. Akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, muache kiumbe apumzike. Siku zenyewe zimebaki mbili." Nikafurahi jamani! Nikamshukuru! Nikajua huyu ni mama mtu mzima, mbuzi amewaona, akisema zimebaki siku mbili basi siku mbili maziwa yanakuja.

Mkesha wa Idd ndio ilipotokea ile nyingine. Nimetoka kununua viazi karai hapo nje, mlango nimeuacha wazi, Ejoka akachomoa kamba akaingia mpaka kwenye meza, na kwenye meza kuna daftari la ahadi. Hili daftari ndilo lenye majina ya watu wote waliosema watatuchangia kila mwezi tukiwa huko, mtu na kiasi chake kwa mwandiko wa mke wangu. Nimerudi nimemkuta anamalizia. Alibakisha jalada la nyuma tu, lile lenye hesabu za kuzidisha. Nilikasirika sijawahi. Ndio niko uani namfunga tena kwa fundo tatu, Bi Mkubwa akaniita kutoka mlangoni kwake, "Kesho vijana wawachukue wote pamoja, na wako?" Mimi nikajua malisho. Uwanjani huko, wakale majani badala ya madaftari. Nikamjibu, "Wamchukue tu Bi Mkubwa, mi nishachoka naye."

Idd ndio siku friji za Mombasa hufa. Sijui ni nyama nyingi ama ni nini, lakini tangu saa mbili asubuhi simu inalia, niko Nyali, niko Mji wa Kale, niko Tudor, watu wananionyesha madeep freezer yanayotoa maji na nyama imejaa mpaka kwenye kizibo. Nimerudi nyumbani saa tisa sijatia kitu mdomoni tangu chai. Nikaona kamba ya buluu iko peke yake kwenye mwembe, nikasema afadhali, bado wako malishoni.

Mezani kuna sinia limefunikwa kawa. Mke wangu ndiyo ameamka, hajafunua, amenisubiri. Biriani yenyewe si ya kuelezea watu wenye njaa, wali una rangi tatu, rojo zito limeshikana na kitunguu cha kukaanga, viazi vimeiva mpaka ndani, na nyama inaachana na mfupa ukiitazama tu. Tuliomba sala fupi kuliko zote tangu tuoane. Nikala. Nikaongeza. Nilikuwa nimefika kwenye mfupa wa paja, naunyonya, Bi Mkubwa akapiga hodi na kanga yake mpya kuuliza kama imetutosha.

Nikamwambia Bi Mkubwa mkono wako usipotee, na huyu mbuzi ni mtamu ajabu, ni wa nani?

Akacheka. "Nawe kwa mzaha! Si wako huyo!"

Mfupa uko mdomoni. Nikauliza kwa pembeni ya mfupa, yule mwenye sikio jeusi?

"Huyo huyo. Na masikini hakusumbua hata kidogo, wenzake walirusha mateke, yeye alisimama kimya kama aliyezoea kushikwashikwa."

Nikageuka kwa mke wangu anisaidie. Amelala chini. Hajazirai, anacheka, uso ameuficha kwenye leso, sauti haitoki. Bi Mkubwa akadhani ni shibe, akatutakia Idd njema akaenda zake. Ndio mke wangu akapata pumzi akasema, "Na hata hivyo usingepata kitu. Yule alikuwa mtamba, hajawahi kuzaa." Nikamuuliza umejua lini? "Siku ya kwanza. Kwetu Voi hata mtoto wa nasari anajua mbuzi asiyezaa hana maziwa." Na siku zote hizi unaniangalia na sufuria? "Nilitaka nione imani yako inafika wapi."

Nimekaa pale nikakumbuka daftari. Mke wangu naye akakumbuka wakati huohuo, nilimuona akiacha kucheka. Daftari liko ndani ya mbuzi, mbuzi yuko ndani yetu. Majina yote ya kanisa. Akaangalia sinia, akachukua kiazi kilichobaki, akasema, "Basi hao wote tuko nao rohoni."

Ningemwambia nini Bi Mkubwa? Jioni ile mzee mmoja alisimama uani akatuombea dua safari yetu, ndefu, kwa kututaja, watoto wote wameinua mikono, nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Godoro tunalalia lilelile lenye shimo katikati. Na ahadi nimezunguka kanisa zima kuulizia upya, mmoja mmoja, na nimeona maajabu, aliyeahidi elfu tano anakumbuka elfu mbili, na wa elfu mbili anakumbuka kwamba alisema atatuombea.

Juzi Bi Mkubwa alibisha hodi tena amebeba kitu kimekunjwa kwenye gunia. Ngozi. Ameitia chumvi, ameianika juu ya mabati, imekauka vizuri, na kipande cha sikio jeusi bado kiko. "Mukakalie huko Turkana," akasema, "mupate kunikumbuka." Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili na heshima zote, akaitandika upande wangu wa kitanda.

Alfajiri muadhini ameanza tu, nikahisi kiwiko ubavuni.

"Baba. Amka. Sufuria nimeshakuwekea."