Eti huyo si malaya, ni eskoti

Juzi jamaa yangu kanitibua kweli. Tunapiga stori zetu, akaanza kumsifia dada mmoja ambaye humwita akiwa safarini, mi nikamwambia kumbe na wewe unanunua, akaruka kama kaungua. "Acha hizo, huyo si malaya bwana, ni eskoti." Kalitamka kwa heshima utadhani anamtaja daktari wa moyo. Na dakika kumi nyuma ni yeye huyo huyo alikuwa anawaita wadada wanaosimama barabarani uchafu.

Haya, kwenye makaratasi tofauti ipo, sibishi. Eskoti analipwa kwa muda wake na kampani, kukusindikiza kwenye shughuli, kula na wewe, kukusikiliza ukilalamika kuhusu bosi wako. Kahaba analipwa kwa tendo. Ndo maana kwenye matangazo yao hakakosi kale kasentensi, malipo ni ya muda wangu tu, mengine ni hiari ya watu wazima wawili. Na pesa haitajwi mdomoni, bahasha inaachwa mezani mapema, dada anaingia nayo bafuni kunawa mikono, akitoka stori zinaendelea kama vile ile bahasha haikuwahi kuwepo.

Ila kale kasentensi ni mwavuli wa karatasi. Mahakama haisomi tangazo ikafunga faili, inatafuta mlikubaliana nini. Muulize Deborah Jeane Palfrey, yule aliyeendesha wakala wa eskoti Washington, Marekani. Wanawake wake walisaini mikataba kwamba hawatafanya kitu kinachovunja sheria, na mwenyewe alishikilia mpaka mwisho kwamba biashara yake ni halali. Wakaitwa wanawake wenyewe kizimbani wakaeleza kilichokuwa kinaendelea, na Aprili 2008 akatiwa hatiani, mpaka kosa la kutumia posta kwa biashara haramu, kwa sababu walikuwa wanamtumia mgao wake kwa barua. Mwanzoni mwa Mei akajiua. Seneta David Vitter, ambaye namba yake ilikutwa kwenye kumbukumbu za simu za wakala, aliomba radhi mbele ya waandishi na 2010 akachaguliwa tena. Na mwaka huo huo wa 2008 gavana wa New York, Eliot Spitzer, alijiuzulu baada ya kubainika ni mteja wa wakala mwingine. Waliouendesha walikiri makosa, yeye hakushtakiwa. Na huyu alishawahi kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo akawashughulikia watu wa biashara hiyo hiyo! Kwa hiyo neno eskoti linamkinga nani hasa?

Linamkinga mwenye pazia. Hapa ndo hasira yangu ilipo. Polisi hawakamati tendo, wanakamata kinachoonekana. Uingereza kujiuza chumbani kwako ukiwa peke yako si kosa, ila kusimama barabarani mara kwa mara ukingoja wateja ni kosa, na sheria ya 1959 ilimwandika huyo wa barabarani kama kahaba wa kawaida, jina lenyewe limo ndani ya sheria, likaja kufutwa kwa sheria ya 2009. Miaka hamsini mtu anasomewa tusi kortini kwa sababu hana nyumba ya kujifichia. Halafu huyo wa chumbani nae akisema aite mwenzake wakae wawili kwa usalama, maana mteja anaweza kuwa mwehu, hapo nyumba inahesabika danguro. Yaani ili uwe halali lazima uwe peke yako na mwanaume usiyemjua. Aliyetunga hicho kitu sijui alikuwa anamlinda nani, nahisi alikuwa analinda majirani.

Sweden tangu 1999 anayekosa ni mnunuzi, umwite muuzaji eskoti au malkia haikusaidii. New Zealand wao 2003 waliamua ni kazi tu, wanawake mpaka wanne wanaweza kufanya pamoja bila kuwa na bosi wala cheti cha kuendesha danguro, na sijasikia mbingu imewaangukia.

Sawa, nikubali kidogo. Wapo eskoti ambao kweli ni kampani tu, na hata wasio hivyo kazi yao inatofautiana na ya barabarani, wanachuja wateja kwa simu, wanauliza jina kamili, wanakataa. Wa barabarani ana sekunde chache za kukusoma uso kupitia kioo cha gari. Hiyo tofauti naiheshimu, ila ni tofauti ya usalama na pesa, sio ya usafi.

Nikamuuliza jamaa, mkila, mkapiga stori masaa mawili, akakuaga akaondoka zake na bahasha, utamwita tena? Akacheka mpaka akapaliwa. Akifuta macho bado anasisitiza mi ndo sielewi, eti malaya unabishana nae bei, yeye hajawahi kubishana.