Sikukamatwa, na Basi Sijawahi Kuendesha

Tuanze na hili: sikukamatwa. Shemeji yangu amerusha kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa dakika sita, na kufika dakika ya nne mimi tayari nina pingu, polisi wa Italia wamenilaza kwenye boneti, na mama mkwe anawaomba wanisamehe kwa sababu nina watoto. Pingu hazikuwepo. Boneti ilikuwepo, ila mimi nilikuwa mbali nayo kabisa, nitawaeleza nilikuwa wapi.

Na nimeona mmeshaanza. Watu watatu wamenitumia "pole kaka" pamoja na kile kikaragosi kinachogaragara kwa kicheko. Huwezi kunipa pole huku unagaragara. Chagua moja.

Safari ya Sicilia mnaijua, niliitangaza mwenyewe miezi mitatu hadi wengine mkaninyamazisha. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye huyo mtangazaji wa redio, na mama yao. Suala la gari la kukodi nililibeba mimi. Nililichagua mtandaoni, nikalilipia lote kwa ile bei nafuu isiyorudishwa, kisha nikasimama mbele ya mama mkwe nikasema maneno ambayo shemeji anayo kwenye video: "Mama, wewe utakaa mbele, utazame bahari. Barabara niachie mimi."

Barua pepe ya kuthibitisha gari ilisema wazi kwamba dereva mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya aje na leseni yake pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, au tafsiri rasmi ya leseni. Mke wangu aliisoma. Siku iliyofuata akachukua leseni yake na picha za pasipoti, akaenda kupanga foleni, akarudi na kijitabu cha karatasi chenye jalada la kijivu na muhuri. Nilikicheka kile kijitabu. Kilifanana na kadi ya kliniki. Nikamwambia zama hizi nani anatembea na makaratasi, halafu wewe gari la gia za mkono huliwezi, kitabu cha nini?

Akasema, "Kikae tu."

Mimi nikaingia mtandaoni. Nikapata tovuti inayouza vibali vya kimataifa vya udereva, yenye dunia inayozunguka na mzungu mwenye furaha kupita kiasi akiwa ameshika usukani. Vifurushi vilikuwa vitatu: mwaka mmoja, mitatu, au 10. Nikachukua wa miaka 10, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuona mbali. Dola 69, pamoja na kifuko cha "ngozi". Hawakuniomba leseni, hawakuniomba chochote. Kulikuwa na viboksi vya aina za magari unayoendesha, na kila kiboksi kilikuwa bure, nikatiki vyote. Kitu cha bure unakiachaje? Picha nikaweka ile ya harusini kwa jirani, niliyovaa suti, nikawakata watu wa pembeni.

Kadi ilifika kwa posta, ya plastiki, nzito kidogo, ina chipu ya dhahabu. Kwa kweli ilipendeza. Niliwahi kuiweka mezani makusudi wageni walipokuja.

Haya, uwanja wa ndege wa Catania. Mlima wa volkano, Etna, ule pale juu unafuka moshi, sisi tuko kwenye foleni ya kaunta ya magari, nyuma yetu familia yenye watoto watatu na masanduku yasiyohesabika. Nilimwomba mama mkwe akapumzike kwenye viti. Akakataa. Akasimama kando yangu, bega kwa bega, akasema anataka aone ninavyofanya mambo.

Mama wa kaunta alikuwa mtu mzima, miwani yake ina mnyororo shingoni. Nikampa pasipoti, akabofya kompyuta. Nikampa kadi ya mkopo, akabofya. Kisha akaomba leseni na kibali. Hapo ndipo nikatoa kile kifuko. Na sikukitoa hivi hivi. Nilikifungua kwa kidole kimoja, kama mpelelezi wa kwenye sinema anayeonyesha kitambulisho mlangoni, nikaitelezesha kadi juu ya kaunta hadi ikagusa kibodi yake.

Akaitazama bila kuigusa.

Naomba hapa twende polepole, maana kila nikifumba macho usiku ndipo ninaporudishwa.

Akapandisha miwani puani. Akaichukua kadi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akaikwaruza ile chipu ya dhahabu kwa ukucha. Mimi nimekaa na kadi ile miezi miwili na sikuwahi kufikiria kuikwaruza. Dhahabu ikabanduka. Ilikuwa stika. Kipande kikabaki kwenye ukucha wake, akakitazama, akakipuliza, nami nikakisindikiza kwa macho kikielea, kikielea, hadi kikatua kwenye mtandio wa mama mkwe.

"Signore," akasema, "wewe unaendesha basi?"

Nikasema hapana.

"Trela?"

Hapana.

"Kadi yako inasema basi, trela, lori na pikipiki."

Sasa shemeji, ambaye hakuna aliyemwomba, alikuwa anamtafsiria mama yake neno kwa neno. "Mama, anamuuliza kama yeye ni dereva wa mabasi." Mama mkwe akanigeukia taratibu. Miaka saba mimi ni mkwe wake, na miaka yote saba mimi ni mhasibu.

"Baba," akaniambia kwa upole sana, "kumbe unaendesha basi?"

Kabla sijapata jibu, mama wa kaunta akaisogeza kadi karibu na taa. Akauliza, na huu mkono ni wa nani?

Mkono upi? Nikainama. Kumbe nilipokata wale watu wa pembeni niliacha mkono. Upo pale, begani kwangu, mkono mzima mpaka kwenye kifundo, umevaa saa. Nimeitazama picha ile mara ngapi, na macho yangu yalikuwa yanaangalia suti tu.

"Huo wangu!" shemeji akasema kwa furaha ya dhati. "Angalia saa." Na ili asibishiwe, akasogea, akauweka mkono begani kwangu palepale, kama kwenye picha. Tukasimama hivyo. Mama wa kaunta anatazama kadi, anatutazama, anarudi kwenye kadi. Wa kwanza kucheka alikuwa mtoto mdogo kule nyuma. Baada ya hapo sikuhesabu.

Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja na kikombe cha kahawa na mtu wa tatu. Wakaizunguka kadi yangu kama madaktari. Yule mama akaweka kidole kwenye tarehe ya mwisho, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole, akihesabu kwa vidole: kibali cha mkataba wa barabara wa Geneva wa 1949, mwaka mmoja. Cha mkataba wa Vienna wa 1968, miaka mitatu, haizidi. "Miaka 10 ni mkataba wa wapi, signore?"

Ni mkataba wa dola 69, mama. Lakini sikumwambia.

Akaendelea kwamba kibali cha kweli ni kijitabu cha karatasi, hutolewa na nchi ileile iliyokupa leseni, na kazi yake ni kuifasiri leseni yako tu. Peke yake hakikuruhusu kuendesha hata toroli. Halafu sauti yake ikalainika. Nadhani alinihurumia. Akasema basi nimpe hiyo leseni yenyewe, angalau aione.

Ndugu zangu.

Leseni yenyewe ilikuwa nyumbani, kwenye droo, chini ya chaja za simu ambazo hatuna tena. Na sikuisahau. Niliiacha kwa makusudi. Tovuti iliandika "hati moja, dunia nzima", nikaona kubeba mbili ni ushamba.

Nikajipapasa hata hivyo. Najua haipo, nimeiacha kwa mkono wangu mwenyewe, lakini kuna nguvu fulani inayomfanya mtu ajipapase. Mfuko wa shati. Mifuko ya suruali, mbele, nyuma, mbele tena. Nikafika hadi mfuko wa koti, nikaingiza mkono, na shemeji akaninong'oneza, "Shem, hilo ni koti langu."

(Mnaoniuliza faragha tovuti inaitwaje "ili muiepuke": wawili kati yenu nawajua, mnaitaka. Siitaji.)

Muda huo wote mke wangu hakuwa amesema neno. Yeye huniita "mume wangu" kama mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili huwa si habari njema.

"Mume wangu," akasema, "sogea kidogo."

Akaweka juu ya kaunta leseni yake, kadi yake ya mkopo, na kile kijitabu cha kliniki. Yule mama akakifungua, akaenda moja kwa moja hadi kurasa za mwisho zilizoandikwa Kifaransa, kwenye picha na muhuri, akalinganisha na leseni. Picha ya mke wangu haikuwa na mkono wa mtu. "Perfetto," akasema, na alivyolisema neno lile nilihisi linanihusu kwa upande wa pili.

Yaliyobaki niyamalize haraka. Pesa yangu haikurudi. Masharti yalisema anayefika bila hati kamili amejitakia. Gari nililolipia lilikuwa la gia za mkono, mke wangu anaendesha otomatiki tu, otomatiki ilikuwa imebaki moja, na bei ya papo hapo sitaitaja kwa kuwa mke wangu huitaja vizuri zaidi. Lilikuwa gari dogo. Masanduku mawili yaliingia nyuma, la tatu likaja mapajani kwangu. Mama mkwe alikaa mbele akatazama bahari, kama nilivyomwahidi.

Sasa polisi. Tulikuwa tumeshatoka kwenye barabara ya kulipia ya A18, tunaanza kupanda kwenda Taormina, tukakuta carabinieri wawili kando, mmoja akanyanyua kile kibao chao cha duara chenye mpini. Mke wangu akasimama, akashusha kioo, akatoa leseni, kijitabu na karatasi za gari. Askari akasoma, akavirudisha. Imekwisha. Ilikuwa imekwisha kabisa, ndipo shemeji akapaza sauti kutoka nyuma, kwa Kiingereza ambacho shuleni hakikumtoka: "Huyu naye ana yake! Ya basi!"

Askari akainama akachungulia. Akaniona mimi, sanduku mapajani, kidevu juu ya sanduku. Akauliza kitu kwa Kiitaliano. Mke wangu akabana midomo akatazama mbele. Aliyejibu ni mama mkwe, asiyejua Kiitaliano wala Kiingereza. Aligeuka, akanitazama kwa muda, kisha akamwambia askari kwa Kiswahili safi:

"Huyu abiria."

Na askari akaelewa. Akagonga paa la gari mara mbili, tukaondoka.

Ndiko kukamatwa kwenyewe huko. Kadi anayo shemeji, amekataa kuirudisha. Anasema na yeye yumo.