Wiki Chache katika Maktaba ya Watawa: Ufadhili wa Muda Mfupi Unamfaa Nani?

Maktaba nyingi za kidini za Ulaya na Marekani hutenga fedha kidogo za kuwaalika watafiti wa nje wakae kwa wiki kadhaa au miezi michache, wasome nyaraka zilizomo, kisha warudi makwao. Wanaoutetea utaratibu huu husema kwamba umewafungulia milango wanafunzi ambao kamwe wasingeweza kujilipia safari. Wanaoulaumu husema kwamba mtafiti wa Kiafrika huitwa kuchungulia tu nyaraka zinazowahusu watu wake, na anapoanza kuzielewa siku zake zimekwisha. Pande zote mbili zina hoja, ila naona zinabishania urefu wa muda, ilhali tatizo liko kwingine.

Mfano mzuri wa kupima hoja hizi ni Hill Museum & Manuscript Library, iliyoanzishwa mwaka 1965 na watawa wa abasia ya Saint John's huko Collegeville, jimbo la Minnesota. Ni Wabenedikto, wafuasi wa kanuni ile ile inayofuatwa katika abasia za Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Walianza kwa kupiga picha miswada, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, ya monasteri za Austria, katika miaka ambayo hofu ya vita vya nyuklia ilikuwa bado nzito na kumbukumbu ya vita vikuu haijafutika. Mwaka 1973 kazi hiyo ikaingia Ethiopia, ambako kwa kushirikiana na Kanisa la Kiorthodoksi na mamlaka za serikali miswada ya makanisa, monasteri na watu binafsi ilipigwa picha kwa mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa. Nakala moja ilibaki Addis Ababa, nyingine ikaenda Collegeville. Mwaka uliofuata mfalme akapinduliwa, vikafuata vita na misukosuko ya miaka mingi, na kwa baadhi ya miswada iliyopotea picha hizo ndizo ushahidi uliobaki.

Maktaba hii hutoa ufadhili mdogo unaoitwa kwa jina la A.A. Heckman, unaowalenga wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wasomi ambao hawajavuka miaka mitatu tangu wapate shahada yao ya juu. Kwa miaka mingi kiwango kilichotangazwa kimekuwa hadi dola 2,000, kwa ukaaji wa kuanzia wiki mbili hadi miezi sita, na fedha hizo huweza kutumika kwa nauli, malazi, chakula na gharama za nakala. Jambo la kusifiwa ni kwamba mlango haukuwekwa kwa maprofesa. Fedha nyingi za utafiti duniani huwafuata wale ambao tayari wanazo, na ufadhili unaosema waziwazi kwamba unamtaka asiye na jina bado si jambo la kawaida.

Lakini mtu akitazama kwa makini atauliza swali lenye uzito: kwa nini asafiri? Maktaba hii kwa sehemu kubwa haina miswada ya Ethiopia yenyewe, ina picha zake. Filamu za miaka ya 1970 ni za rangi nyeusi na nyeupe. Katika miswada ya Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, wino mwekundu huandikia majina matakatifu na mianzo ya sehemu, na kwenye filamu wino huo huonekana kijivu tu. Sehemu iliyokwanguliwa ikaandikwa upya ni vigumu kuitambua, na ngozi yenyewe iliyoandikiwa haiwezi kuguswa. Upungufu huo unamkuta msomaji akiwa Collegeville sawasawa na akiwa Dar es Salaam. Tena sehemu kubwa ya picha sasa imo kwenye mtandao wa maktaba hiyo, na msomaji anayejisajili huzisoma bila malipo, isipokuwa pale wamiliki walipoweka masharti. Kwa hiyo anayedai kwamba fedha za nauli zingefaa zaidi kuweka picha nyingine mtandaoni hasemi upuuzi.

Jibu la watetezi, nami nalikubali, ni kwamba mtafiti haendi kufuata picha, bali anawafuata watu wanaozijua. Getatchew Haile, msomi wa Ethiopia aliyezaliwa mwaka 1931, alipigwa risasi na askari wa utawala wa kijeshi mwaka 1975, akapooza miguu, na mwaka uliofuata akahamia Collegeville. Huko alikaa miongo kadhaa akiisoma filamu baada ya filamu na kuandika juzuu za katalogi, yaani orodha za kueleza kila mswada, ambazo leo hakuna mtafiti wa fasihi ya Kige'ez anayeweza kuzikwepa. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya MacArthur, tuzo maarufu ya Marekani. Alifariki mwaka 2021. Kijana aliyeketi naye asubuhi moja angeweza kuambiwa kwamba sala anayoitafuta imefichwa katikati ya mswada ulioorodheshwa kwa jina la kazi nyingine kabisa. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa mazungumzo kama hayo, hata wiki mbili ni muda wa maana.

Mambo hubadilika pale nyaraka zenyewe zinapokuwa ngumu kusomeka. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kumbukumbu zake sasa zimehifadhiwa katika taasisi ya Francke mjini Halle, Ujerumani, taasisi iliyoasisiwa na Walutheri wa uamsho mwishoni mwa karne ya 17, ambayo nayo hufadhili watafiti wa nje. Anayetaka kuandika historia ya Wachagga hawezi kuipita akiba hiyo. Humo mna taarifa za vituo na barua za wamisionari, Bruno Gutmann akiwa miongoni mwao. Ila barua nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa mkono kwa mwandiko wa Kijerumani uitwao Kurrent, ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Herufi e hufanana na n, h ina kitanzi juu na chini, na kila mwandishi ana haraka zake. Aliyejifunza Kijerumani cha kuzungumza jijini Dar es Salaam atamaliza wiki zake za kwanza akipambana na ukurasa mmoja mmoja, wakati mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ujerumani aliyefundishwa mwandiko huo darasani anafungua boksi na kuanza kusoma siku hiyo hiyo. Wote wawili wamepewa muda sawa na posho sawa.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Wiki nne za maktaba hubeba nyuma yake miezi ya maandalizi ambayo hakuna anayeilipia: kujifunza mwandiko, kupekua katalogi, kuandikiana na wakutubi, kuorodhesha namba za majalada. Mwenye mshahara wa chuo na maktaba nzuri jirani huifanya kazi hiyo kama sehemu ya ajira yake. Mwingine huifanya usiku, baada ya vipindi vya kufundisha, kwa bando la intaneti analonunua mwenyewe. Ada ya viza ya Marekani nayo, dola 185 tangu mwaka 2023, hairudishwi hata ukikataliwa, na ukikataliwa huna ufadhili wala ada. (Wapo wanaosema hayo ni mambo ya ubalozi, si ya maktaba. Ni kweli, lakini mwombaji ni yule yule na mfuko ni ule ule.)

Kuna lawama nyingine ambayo husikika kidogo kuliko inavyostahili. Maktaba ya kidini hufadhili utafiti unaotumia kile ilichohifadhi, na ilichohifadhi ni sauti ya waliotumwa. Katekista wa Kichagga aliyefundisha kijijini miaka mingi huonekana kwenye jalada kama jina moja ndani ya taarifa ya mmisionari, pengine bila jina la ukoo. Mtafiti anayelipwa kukaa na majalada hayo, asilipwe kukaa Machame au Old Moshi na wajukuu wa katekista, ataandika historia iliyoegemea upande mmoja hata kama nia yake ni njema. Siwalaumu wakutubi kwa hilo. Mara nyingi fedha za namna hii zimetoka kwa mfadhili aliyeweka masharti, na msimamizi hana ruhusa ya kuzipeleka nje ya jengo.

Njia tofauti ilionekana Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, msikiti unaohusishwa na Habib Saleh na unaojulikana kote pwani kwa maulidi yake, ilipigwa picha za kidijitali kwa fedha za mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki kwa wenyewe. Hapo fedha ndizo zilizosafiri. Hata hivyo, njia hii pia ina udhaifu wake: shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 liliwanyima watafiti huduma nyingi za kidijitali za British Library kwa miezi mingi, na picha pekee haimfundishi mtu kusoma hati ya Kiarabu ya karne ya 19.

Kwa hiyo nisingetaka ufadhili wa wiki chache ufutwe, wala sidhani kwamba kuurefusha hadi mwaka mzima kungetibu chochote, kwa sababu mwaka mmoja wa mtu mmoja hugharimu nafasi za watu kadhaa. Ningetaka sehemu ya fedha itangulie safari: posho ndogo ya miezi mitatu ya kusoma kutoka nyumbani, pamoja na saa chache za mkutubi kwa njia ya video za kumfundisha mwombaji mwandiko na mpangilio wa majalada. Ada ya viza nayo ilipwe na mwenyeji mara barua ya mwaliko inapotolewa. Hadi maktaba zifike huko, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamivu ambaye bado hajamaliza kupekua kilicho wazi mtandaoni asiombe bado, kwa kuwa Collegeville, kwa mfano, aliyepewa ufadhili wa Heckman hulazimika kungoja angalau miaka miwili kabla ya kuomba tena. Aombe akiwa na orodha ya majalada mkononi na maswali ambayo katalogi imeshindwa kuyajibu.