Riyadha Ilianza na Walionyimwa Darasa

Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapoelekea ukingoni, Lamu hujaa wageni. Mchana kuna zefe (maandamano ya Maulidi), kirumbizi (mchezo wa fimbo), mashindano ya majahazi na mbio za punda. Usiku Maulidi husomwa katika msikiti wa Riyadha kwa matari, yaani ngoma ndogo za mkononi, na nai, yaani filimbi. Wanaokuja na kamera huondoka na picha za punda, na habari zinazoandikwa huishia hapo hapo. Hili linaniuma. Msikiti huu ulitokana na darasa, tena darasa la watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha.

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa na pande mbili. Mkomani kulikuwa na majumba ya mawe na koo za waungwana, walioishi kwa mazao ya mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Langoni, kusini mwa mji, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti: Wangazija wa visiwa vya Komoro, Wahadhrami (Waarabu wa Hadhramaut, Yemen) wasio na kitu, watumwa na vizazi vyao. Elimu ya dini, ile ya fiqhi (sheria za dini) na tafsiri ya Kurani, ilikuwa mali ya koo kubwa. Mtumwa akijua kusali, ilitosha.

Hapo ndipo alipoingia Habib Swaleh. Alikuwa sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, wa ukoo wa Jamal al-Layl, mzaliwa wa Ngazija, na alifika Lamu akiwa kijana, kwa jamaa zake waliomtangulia. Kwa nasaba yake angeweza kukaa Mkomani akabusiwa mkono maisha yake yote. Akachagua Langoni. Akawafundisha watumwa na wageni, akawatibu, akakaa nao katika ngoma zao. Wakubwa walinung'unika. Mwishoni mwa karne hiyo, baada ya kupewa kiwanja na liwali, mtawala wa mji, Riyadha ikasimama huko huko Langoni, na baadaye wanafunzi wakawa wanakuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Sheria ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Riyadha ilikuwa imeshaanza kusomesha. Sisemi kwamba daraja zilifutika. Masharifu walibaki masharifu, na heshima yao ipo hadi leo. Lakini mtu aliyekuwa akihesabiwa mali alikaa jamvini, akafunguliwa kitabu na akaulizwa amefahamu nini. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko jengo lenyewe.

Ndiyo maana mabishano kuhusu matari huwa yananisikitisha. Tangu zama za Habib Swaleh wapo wanaosema ngoma haina nafasi msikitini, na wana hoja zao za kielimu ambazo sizidharau. Ila naomba wakumbuke ngoma ile ilimwita nani. Maulidi yenyewe yalitungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, kwa Kiarabu kizito. Matari ndiyo yaliyomfungulia mlango mtu wa Langoni, akaingia, akaitikia, kisha akabaki kusoma.

Miswada ya Riyadha ipo. Imepigwa picha kwa mradi uliofadhiliwa na British Library, na aliye na intaneti anaweza kuifungua popote alipo. Nashukuru kwa kazi hiyo. Lakini karatasi zitatuonyesha zaidi kile walichosoma mashekhe. Nasaba ya Jamal al-Layl tunaweza kuifuata mpaka Hadhramaut. Wanafunzi wa kwanza wa Langoni, wale ambao kwa ajili yao Habib Swaleh alivumilia maneno ya mji, ni nadra kusikia wakitajwa kwa majina.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Bado kuna wazee waliolelewa na watu waliomwona kwa macho. Wakae nao vijana wa madrasa wenye simu mkononi, wawaulize: babu yako alisoma kwa nani, alikuwa mtumwa wa nyumba gani, nani alimfundisha alifu, herufi ya kwanza? Maswali hayo yana aibu ndani yake, najua, kwa familia za pande zote mbili. Yaulizwe kwa adabu, lakini yaulizwe. Na katika siku za Maulidi, kabla ya zefe, itengwe jioni moja ya kuyasoma majina yatakayopatikana, pale pale Riyadha, kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu.