Pima kwenye kola, si ukutani

Viwanda vingi vizito hutundika kipima gesi kwenye nguzo, kisikike tu siku gesi ikivuja, halafu menejimenti hutangaza kuwa hewa ni salama. Nguzo haipumui. Kifaa hicho hakiwezi kukwambia mchomeleaji aliyeinamia chuma cha pua amevuta kromi kiasi gani.

Kipimo cha maana huvaliwa: pampu ndogo kiunoni, mpira wa hewa ukipita mgongoni, na kinasa sampuli ya hewa kikibanwa kwenye kola, kisizidi sentimita 30 kutoka puani. Kwa mchomeleaji kiwe ndani ya kofia yake, maana moshi wa nje ya kofia sio anaouvuta.

Vinavyoharibu kazi ni vitu vidogo. Vumbi la silika, yaani la mchanga na mawe, hupitishwa kwenye saikloni, kifaa kidogo kinachozungusha hewa na kutenga chembe kubwa kabla ya kichujio kinachonasa zile ndogo, na kila aina ya saikloni ina mtiririko wake wa hewa. Zipo za lita 2.2 kwa dakika. Pampu ikipunguza mtiririko, chembe kubwa nazo hupenya hadi kwenye kichujio. Ukiipindua saikloni wakati wa kuivua, vumbi zito lililotuama chini humwagikia kichujio, na sampuli imekwisha. Pima mtiririko kabla na baada ya zamu. Ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, usiihesabu sampuli hiyo.

Mivuke hunaswa kwa mrija wa mkaa, kwa kawaida wenye miligramu 100 za mkaa mbele na 50 nyuma. Mkaa wa nyuma ukikutwa na zaidi ya asilimia 10 ya kilichonaswa mbele, ujue mkaa umezidiwa na huenda mvuke mwingine umepotea.

Ninachokilalamikia zaidi ni wastani. Mtu akipima kiasi kilichomo kwenye tangi la benzini (kemikali ya benzene, si petroli) kwa nusu saa penye sehemu 12 kwa milioni, kisha akakaa kwenye hewa safi, wastani wake wa saa 8 ni 0.75. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inaruhusu 1, kwa hiyo karatasini amepita. Lakini kikomo cha dakika 15 ni 5, naye amekivuka zaidi ya mara mbili. Weka mrija wa pili kwa kazi hiyo peke yake, na upime siku tangi linapofunguliwa, si siku ya usafi. Kando ya kila sampuli andika alichofanya mfanyakazi na saa aliyokifanya. Bila hayo, maabara ikileta namba kubwa hutajua uanze kurekebisha wapi.