Bibi Wawili Usiku Mmoja

Mimi ni mtu mzima mwenye mke, kitambulisho cha taifa na deni la benki, na ninayataja haya mapema ili ieleweke kwamba usiku ule, nilipovutwa mguu kutoka uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu pale Chumbageni, Tanga, sikuwa mtoto.

Chanzo kilikuwa Granny, mchezo wa simu uliotoka mwaka 2017. Mchezaji huamka akiwa amefungiwa katika nyumba ya ajuza mwenye gongo, naye hupewa siku tano za kutoroka. Kila akikamatwa, siku moja imekwenda. Kazi yake ni kunyata, kutafuta koleo, nyundo na funguo za mlango mkuu, na kujitosa uvunguni au kabatini asikiapo hatua, kwa sababu ajuza yule husikia kila kitu, hata ubao wa sakafu ukilia. Utamu wa mchezo, kwa maoni yangu, hauko katika sura yake, ambayo ukiitazama mchana inachekesha. Uko katika zile sekunde ambazo yeye amesimama chumbani, nawe, uliyejilaza salama juu ya godoro lako, umebana pumzi kana kwamba simu inakusikia. Wajuzi wana hila moja: tupa chombo upande ule, ajuza aukimbilie mlio, nawe upite upande huu. Hila hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilipata saa saba za usiku, nami nikiwa siku ya nne, njaa ikanikumbusha kopo la visheti ambalo Bibi alikuwa amewawekea wageni wa Idi. Nilimwacha mtu wangu wa mchezoni amejificha vizuri kabatini, nikaitia simu mfukoni bila kuizima, nikanyata pekupeku hadi jikoni. Kifuniko cha kopo, kilichoganda kwa sukari, kilifunguka kwa mlio wa “paa!” na papo hapo nikasikia kandambili za Bibi zikija. Mtu mwenye akili timamu angesema, “Ni mimi, Bibi.” Mimi nilichuchumaa gizani, nikapima umbali, nikakirusha kifuniko kuelekea uani, kikapita katikati ya nondo za dirisha kwa ustadi ambao sidhani kama nitaupata tena.

Kilitua juu ya banda la kuku.

Jogoo alipiga kelele, makoo wakapapatika, na Bibi, badala ya kuufuata mlio kama ajuza mwenzake, alisimama palepale na kuachia ukelele wa “Mwizi!” ambao nadhani ulifika msikitini. Nikapenya nyuma ya mgongo wake, nikaingia chumba cha kwanza nilichokigusa, nikajitosa uvunguni na kopo kifuani. Kilikuwa chumba chake.

Majirani hawakukawia. Kutoka pale chini niliona miale ya tochi, miguu mitano au sita, na ncha ya mchi wa kinu ambao Bibi alikuwa ameushika. Nilibana pumzi kitaalamu kabisa, na ninaamini wangeondoka, lakini paja langu lilikuwa limekilalia kioo cha simu na kumtoa mtu wangu kabatini. Ajuza wa mfukoni alimkuta, akamtwanga kwa kishindo kilichojaa chumba kizima.

“Yuko uvunguni!” akasema jirani mmoja, nao wakaushika mguu.

Nilitoka na unga wa visheti hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyenipiga; walicheka kwanza, na mtu akishacheka hawezi tena kupiga vizuri.

Asubuhi nilimweleza Bibi mchezo wote, akanisikiliza kwa makini huku akichambua mchele.

“Kwani mtu hukamatwa mara ngapi humo, mjukuu wangu?”

“Mara tano, Bibi. Ya tano, basi.”

Akauweka ungo chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: halua ya Idi iliyopita, asali ya mgeni wa Pangani, kashata za mwenye nyumba ya pili, na visheti vya jana.

“Basi umebakiwa na siku moja,” akasema, akaenda kulifungia kopo sandukuni, na ufunguo akaufunga fundo kwenye pindo la kanga.